Busan kwa Njia ya 1

SWALI: Shikamoo Bibi. Mume wangu anasomea mambo ya uvuvi Chuo Kikuu cha Pukyong, Busan, Korea Kusini, na Oktoba nakwenda kumtembelea. Mchana atakuwa darasani, nami nitabaki peke yangu. Sili nguruwe, napenda masoko, na nasikia kuna milima. Nianzie wapi?
– Mama Ilham, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Anzia treni ya chini ya ardhi, Njia ya 1. Nunua kadi ya T-money duka dogo lolote la mtaani, itie pesa taslimu, na karibu kila ninachokutajia utakifikia kwa njia hiyohiyo.

Asubuhi shuka Jagalchi, soko la samaki. Wauzaji wengi ni kina mama watu wazima, viatu vya mpira miguuni, wanakuita toka mbali. Mtu wa Tanga hawezi kuona ugeni. Unachagua samaki akiwa hai, wanamtengeneza, unakwenda kumla ghorofani kwa malipo ya pembeni. Uliza bei zote mbili kabla kisu hakijashuka! Pweza wanamkatakata mbichi, vipande vinajinyonganyonga sahanini na kung'ang'ania shavuni. Huyo nawaachia wenyewe. Mimi natafuta kibua, ambaye ndiye samaki wa nembo ya mji: anachomwa kwa chumvi tu, wali pembeni, basi.

Supu nyeupe utakayoiona kila kona, dwaeji gukbap, ni nguruwe mtupu. Hata milmyeon, tambi baridi walizoanzisha wakimbizi wa Vita vya Korea, mchuzi wake hutokana na mifupa, kwa hiyo ulizia. Ukitaka nyama ya halali, shuka Dusil, uulizie Msikiti wa Al-Fatah.

Kutoka Jagalchi vuka barabara uingie soko la Gukje: mablanketi, soksi, miwani, vyombo. Shinsegae, duka lililoingia rekodi za Guinness mwaka 2009 kwa ukubwa, lina kiyoyozi kizuri na bei za kukutoa jasho. Kaangalie tu.

Mlima ni Geumjeongsan, mita 801. Shuka Oncheonjang, panda kigari cha waya bustani ya Geumgang, kisha fuata ukuta wa ngome ya kale hadi lango la kaskazini, ndipo ukwee kilele cha Godangbong. Usiogope upweke. Vikongwe wa Kikorea watakupita na fimbo zao, na wakikukuta umekaa watakumegea tango. Lipokee kwa mikono miwili. Teremkia Beomeosa, hekalu la tangu mwaka 678, basi namba 90 likushushe stesheni. Vaa raba zenye meno, chukua koti, na uondoke mapema, maana mwisho wa Oktoba saa kumi na moja na nusu jioni jua limezama.

Ramani ya Google haikuongozi vizuri kwa miguu kule. Pakua Naver Map kabla hujapanda ndege.