Kabla hujaongeza choo juu

Fundi kijana, ukiitwa kwenye nyumba ya Mji Mkongwe, Zanzibar, usianze na tepu, anza na pua. Ingia vyumba vilivyofungwa siku nyingi, nusa unyevu, ufuatilie maji yanatoka wapi. Mimi sikufuatilia. Katika kazi yangu ya mwanzo, mwenye nyumba alitaka choo juu kwa ajili ya mama yake, aliyeshindwa na ngazi. Ukuta ulikuwa unapukutika. Nikapiga lipu ya saruji, ukapendeza. Masika iliyofuata lipu ilidondoka mapande mapande, na nyuma yake mawe yamejaa chumvi.

Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa. Zinanyonya maji ardhini na kuyatoa polepole kupitia chokaa. Saruji huyafungia ndani, nayo huishia kuozesha vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani. Ukiwa chini chumbani boriti utaiona nzima kabisa. Panda, udunge kwa bisibisi pale inapoingia ukutani. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, usiongeze juu hata tofali moja.

Familia za siku hizi zinapenda sebule pana iliyoungana na jiko. Vyumba vya kule ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko ni fupi, mita tatu hivi, na kuta zinazokaa karibu karibu ndizo zilizozibeba. Mwenyewe atakwambia, "Huu wa kati tu, fundi, uvunje." Kataa. Mpe mlango mpana kidogo wenye linta imara ya kubeba ukuta ulio juu yake, au jiko lihamie uani. Na kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kitangulie nyundo. Zamani nilikiona usumbufu. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kihistoria la hapo Mji Mkongwe, ilipoanguka tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa kwenye matengenezo, nimenyamaza.

Halafu tangi. Lita 1,000 za maji ni tani nzima, na watu hulipandisha juu ya paa la boriti za miaka mia bila kufikiri. La yule mwenye nyumba wa kazi yangu ya mwanzo tulilishusha uani, tukaweka pampu ndogo. Choo nacho kikaja chini. Kumbe mama yake mwenyewe alikuwa akitamani chumba cha mbele, karibu na baraza, awasikie wapita njia. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.