Rodi ya kutobolea mwamba: dizeli yako inaishia wapi?

Swali kutoka Masasi: Shikamoo mtaalamu. Tuna machimbo madogo ya kokoto nje kidogo ya Masasi, tunatumia kompresa ya dizeli na jakhama moja ya mguu (mashine ya upepo ya kutobolea mwamba, mguu wake ndo unaoisukuma), rodi zetu, yaani vyuma virefu vinavyoingia shimoni, ni zile za pembe sita milimita 22. Zamani shimo la mita 1.5 lilikuwa linaisha dakika 7 au 8, siku hizi linafika 15 na dizeli inazidi kunywewa. Fundi mmoja anasema rodi ndefu zinakula nguvu tuzikate, mwingine anasema tununue kompresa kubwa. Tumsikilize nani?

Jibu: Marahaba ndugu yangu. Kabla hujakata rodi na kabla hujaenda kukopa hela ya kompresa, naomba usubiri kwanza, maana kwa jinsi ulivyoeleza naona hiyo rodi inasingiziwa. Rodi ni njia tu. Pistoni ya jakhama ikigonga mkia wa rodi (ule mwisho unaoingia kwenye mashine), pigo linasafiri ndani ya chuma kama wimbi, kasi yake ni kama mita 5,000 kwa sekunde, kwahiyo kwenye rodi ya mita 1.5 limeshafika kwenye biti (kile kichwa cha mbele kinachotoboa jiwe) kabla hata nusu ya elfu moja ya sekunde haijaisha, na kwa urefu huo linachopoteza njiani ni kidogo sana. Nguvu inapotea kwenye miisho: pale pigo linapoingilia na pale linapotokea.

Twende kwenye hesabu kidogo. Jakhama ya mguu ya saizi hiyo inapiga kama mara 2,000 kwa dakika, kila pigo ni jouli 60 na kitu, ukizidisha unapata kilowati 2 na ushee zinazoingia kwenye rodi. Sasa upepo inaovuta ni kama mita za ujazo 5 kwa dakika, na kuubana upepo wote huo mpaka bar 6 au 7 (bar ni kipimo cha mgandamizo wa upepo) injini inatoa karibu kilowati 30. Yaani kati ya nguvu yote ya injini hata sehemu moja ya kumi haifiki kwenye rodi, iliyobaki imetoka kama joto na kelele, na hapo hujahesabu bado joto la injini yenyewe. Mashine za upepo ndivyo zilivyo (zile za hidroliki zinafanya kazi hiyohiyo kwa kama theluthi ya nguvu, ila bei yake ni habari nyingine). Kwahiyo hicho kidogo kilichofika kwenye rodi ni ghali mno, ukikipoteza tena kwenye biti butu ndo dizeli inakuishia bila shimo.

Anzia kwenye biti basi. Jiwe la Masasi, yale majabali mnayoyaona pale mjini, ni gneisi na graniti, limejaa kwatzi, na kwatzi inalamba kabaidi ya biti, yaani ile sehemu ngumu inayogusa jiwe, kama msasa. Kila batani ya biti (vile vichuchu vya kabaidi) ikiwa na mviringo wake inaingia kwenye jiwe kwa ncha ndogo na jiwe linapasuka, ikishakuwa bapa pigo lilelile linatandazwa kwenye eneo kubwa na badala ya kutoa vipande unasaga unga. Chukua biti yenu leo iangalie kwenye jua: kama ubapa umefika theluthi ya upana wa batani, inatakiwa ikanolewe, usingoje iishe. Na ukiona kinachotoka shimoni ni unga laini mtupu bila chengachenga, biti imeshakwambia yenyewe. Wa kule pwani, Lindi na Kilwa wanaotoboa chokaa, wao wana shida tofauti: batani haziwi bapa, zinang'aa tu kama zimepigwa polishi, halafu ukitazama kwa karibu unaona vinyufa vyembamba kama ngozi ya nyoka, hizo nazo zipitishwe grenda kidogo hata kama zinaonekana mpya, la sivyo zinamegeka ghafla.

Halafu upana wa biti, watu hawaulizi kabisa. Shimo la milimita 38 linatoa jiwe robo zaidi kuliko la 34, na jiwe la ziada unalilipia kwa dizeli ileile. Kama mlibadilisha biti kwasababu ile ya zamani haikupatikana dukani, hapo pia pana jibu, ila ukitaka kurudi kwenye shimo dogo ongea kwanza na fundi wenu wa baruti maana yeye ndo anapanga mashimo.

Sasa msukumo, hapa ndo rodi nyingi zinapofia. Pigo likifika na biti imeshikana vizuri na mwamba, linaingia kwenye jiwe. Likifika biti iko hewani, mguu haujasukuma vya kutosha, linageuka na kurudi juu, safari hii linavuta chuma badala ya kukibana, na chuma hakipendi kuvutwa mara 2,000 kwa dakika. Ndo hapo rodi inalia nginng'inng'i, koni inapochomekwa biti inapata joto mpaka huwezi kuishika, biti inachomoka, baadae rodi inakatika mnasema ni feki. Ukisukuma kupita kiasi nako mzunguko unakwama na shimo linapinda. Opereta mzuri anafuata sauti, ikiwa sawa unasikia mlio mzito uliotulia na rodi inazunguka bila kusita.

Upande wa mkia nina kisa. Niliitwa machimbo fulani wilaya ya Nachingwea, malalamiko yaleyale, nikachomoa rodi nikaitazama mkia: katikati umebonyea kama kisahani na kingo zimemegeka. Walikuwa wanaupeleka kwa mhunzi, unaingia kwenye mkaa, unanyooshwa kwa nyundo, unatumbukizwa kwenye maji. Moto ule unaharibu ugumu wa kiwandani, mkia unatoka laini unabonyea au unatoka mkavu unavunjika, na pistoni inayogonga kisahani inapiga kingo tupu na yenyewe inaanza kumegeka. Na bushi, ule mkono wa chuma ndani ya mashine unaoshika mkia, ilikuwa imelika hadi rodi inacheza kushoto kulia, kwahiyo pigo linaingia upande upande. Tulibadilisha bushi na rodi tu, kompresa ni ileile, na kabla ya saa sita walikuwa wamemaliza mashimo ya siku nzima. Iliniuma kwakweli, miezi yote ile walikuwa wananunua dizeli ya kutengeneza joto.

Huyo fundi wa rodi fupi ana ukweli kidogo. Kuanzisha shimo na rodi ndefu inayumba kweli na inapoteza, anzeni na fupi halafu badilisheni, lakini msikate rodi, mkikata mtahitaji kutengeneza koni upya na tutarudi kwa mhunzi. Na kama siku moja mtatumia rodi za kuunga, kila kiungo kinachukua chake, tuseme asilimia 5 ya pigo, viungo vinne umebaki na asilimia 81 hivi, uzi wa kufungia (kama wa skrubu) ukiwa umelika ni mbaya zaidi, na usifunge rodi mpya kwenye uzi uliochoka maana unaila hiyo mpya.

Upepo: msisome geji ya kwenye kompresa, pimeni pale mashine ilipo wakati inatoboa. Kushuka toka bar 6 mpaka 5 kunaondoa karibu robo ya nguvu ya jakhama kwa hesabu, na mara nyingi sababu ni mpira wa kupitishia upepo ulio mrefu na mwembamba au viungo vinavyovuja. Tobo moja la milimita 3 kwa bar 7 linakula kama kilowati 3 na nusu kutwa nzima, zaidi ya nguvu inayoingia kwenye rodi yenu. Zimeni jakhama, sikilizeni mpira wote, pakeni maji ya sabuni.

Na tafadhali toboeni kwa maji. Najua maji Masasi kiangazi ni shida, lakini vumbi la kwatzi linaganda kwenye mapafu na halitoki, kitambaa cha mdomoni hakilizuii, na maji hayohayo yanapoza biti na kutoa unga shimoni usisagwe mara mbili.

Kesho asubuhi fungeni biti iliyonolewa kwenye rodi yenye mkia mzima, toboeni mashimo matatu kwa saa ya simu, halafu matatu na vifaa vyenu vya sasa, mwamba uleule. Niandikie hizo dakika pamoja na bar ulizosoma kwenye mashine, ndo tutajua kama kompresa ina kosa lolote.