Kisogo kimejaa makovu, nirudi kupandikizwa nywele mara ya tatu?

SWALI: Habari za kazi dokta. Mimi ni mzee wa familia, miaka 41, nipo Nkuhungu hapahapa Dodoma. Mwaka 2019 nilienda Istanbul kupandikiza nywele za mbele, wakanikata ukanda wa ngozi kisogoni wakashona. Mbele zikaota kiasi chake ila utosini zikaendelea kuisha, basi 2022 nikarudi kliniki nyingine hukohuko, hao wakawa wanachomoa mojamoja kwa kimashine. Sasa hivi nyuma nina mstari mpana upana wa kidole kutoka sikio hadi sikio, chini yake vidoadoa vyeupe kibao, na kwenye ncha moja ya mstari pamevimba panawasha sana hasa nikikaa juani. Namba moja sinyoi tena, kinyozi aliniuliza nilipata ajali gani. Kuna dalali wa safari za matibabu ananiambia nirudi mara ya tatu wataziba makovu kwa nywele mpya, na punguzo nitapewa. Nifanyeje?

JIBU: Kaka pole sana, na kabla sijasema lingine lolote, huyo dalali usimpe hata hela ya kianzio.

Nywele mpya hazipo. Hiyo kazi ni kuhamisha, wanatoa mzizi kisogoni wanaupeleka mbele, na pale ulipotoka hauoti mwingine. Kisogo ni ghala la mtama lisilo na msimu mwingine wa kuvuna, ukichota umechota. Wewe umeshachota mara mbili, alafu huyu anataka uchote mara ya tatu ili kuficha alama za kuchota, na kule nako wakichomoa zinabaki alama nyingine. Ndo maana inaniuma nikisikia neno punguzo kwenye hii biashara, maana wanakupunguzia bei ya kitu ambacho pengine huna tena. Madaktari wengi wa fani hii wanakubaliana kwamba ukishatoa kama nusu ya nywele za eneo fulani la kisogo, watu wanaanza kuona ngozi hata bila kunyoa.

Sasa tuje kwenye makovu yenyewe, kwa sababu kwa maelezo yako una aina tatu kwenye kichwa kimoja na kila moja ina njia yake, ukizitibu kwa dawa moja unaharibu.

Ule mstari mpana, kama ni bapa na laini na hauwashi, hilo ni kovu lililovutika. Ukanda wa ngozi ukikatwa, kingo mbili zinavutwa zikutane zishonwe, na ngozi ikishonwa imekaza sana inaendelea kuachia polepole kwa miezi mpaka mstari unatanuka. Hili halichomwi sindano ya keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua, jamani, ile sindano inasinyaza ngozi na kovu la hivi tayari limesinyaa, utaongeza shimo. Linaweza kukatwa upya na kushonwa kwa ufundi ambao ukingo mmoja unapunguzwa kidogo juu ili nywele ziote kupitia kovu lenyewe, ila hiyo inafanyika tu kama ngozi ya kichwa bado inacheza. Jaribu kusogeza ngozi ya kisogo juu na chini kwa vidole. Ikiwa imeganda, mtu asikukate tena pale.

Vile vidoa vyeupe ni vitundu vya kile kimashine, ncha yake huwa karibu milimita moja hivi, kila kitundu kinapona kwa kovu dogo na rangi inapotea. Anayekuambia njia ya kuchomoa mojamoja haiachi kovu anakudanganya, inaacha makovu madogo mengi badala ya moja refu, basi. Na sisi wenye nywele za kipilipili tuna shida ya ziada ambayo kliniki nyingi zilizozoea nywele za kunyooka hazijali: nywele yetu imejikunja hadi ndani ya ngozi, mzizi umepinda, fundi asiyezoea akizamisha kimashine moja kwa moja anaukata katikati. Unapoteza nywele, na tundu linabaki bure. Kwahiyo ile raundi ya 2022 sishangai kama uliambiwa wametoa nyingi na mbele zikaota chache.

Ile ncha iliyovimba na kuwasha ndo inanipa wasiwasi zaidi, hiyo ndo uanze nayo. Kama uvimbe umebaki ndani ya mstari wa jeraha ni kovu nene, hilo huwa linatulia na muda na tiba. Kama umevuka mpaka wa jeraha na unazidi kukua, hiyo ni keloidi, na mwenye keloidi kichwani asikubali kisu kipya wala vitundu vipya kwa ajili ya urembo. Keloidi ikikatwa bila tiba nyingine ya kuisindikiza mara nyingi inarudi, na inaweza kurudi kubwa kuliko ya kwanza. Tiba ya kuanzia ni sindano ya steroidi inayoitwa triamsinoloni ndani ya kovu, hurudiwa kila baada ya wiki nne hadi sita, inapunguza kuwasha na kuvimba, ngozi inaweza kuchuja rangi pale kwahiyo apige mtu anayejua. Hapa Dodoma kaulizie daktari wa ngozi hospitali ya Benjamin Mkapa pale chuo kikuu UDOM au hospitali ya mkoa, General, wakiona inahitaji zaidi watakupa rufaa, treni ya SGR ipo unafika hospitali ya Muhimbili, Dar, bila kuchoka, au Moshi hospitali ya KCMC ambako kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda nzima. Na vaa kofia, jua la huku unalijua, kovu linaloungua linabaki jeusi au na mabaka.

Ikishatulia ndo tuongelee kuficha. Kuna tatuu za nukta ndogondogo za rangi ya nywele zinazopigwa kichwani, kwa makovu bapa na vidoa inapendeza kweli ukinyoa kidogo, ila wewe lazima wajaribu kieneo kidogo kwanza wasubiri miezi kadhaa waone kama ngozi haijavimba. Kupanda nywele ndani ya kovu inawezekana, ila damu kwenye kovu ni chache na nyingi hazishiki, fundi mwaminifu hujaribu chache tu kwanza.

Na utosini kuendelea kuisha si ajabu, upandikizaji hausimamishi upara. Zipo dawa, minoksidili ya kupaka, na finasteridi ya kumeza ambayo inaandikwa na daktari, baadhi ya wanaume inawapunguzia nguvu au hamu ya tendo, na mama mjamzito asishike kidonge kilichovunjika. Hakuna aliyekueleza haya kabla ya 2019, na ilikuwa haki yako kuelezwa.

SWALI: Dokta shikamoo. Nipo Singida mjini, nina miaka 28, nywele za kwenye paji zimeondoka kwa rasta na gundi ya wigi. Nataka kupandikiza. Nilitoboa sikio la pili likaota kinundu kikubwa.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hicho kinundu cha sikio ndo jibu la swali lako, kwa sasa usipandikize. Mwili uliotengeneza keloidi kwa tundu la hereni unaweza kuitengeneza kisogoni. Acha kusuka kwa kubana na acha gundi kabisa, kama ukiangalia kwa karibu bado unaona vinywele vyembamba pale mbele basi mizizi ipo hai na nyingi zinaweza kurudi, kama ngozi imekuwa laini inang'aa kazi ni ngumu. Jambo moja nataka uangalie: kama na katikati ya utosi kunawasha au kunachoma, huo ni ugonjwa mwingine unaoua mizizi kimyakimya, daktari wa ngozi atachukua kinyama kidogo kupima. Ugonjwa huo ukiwa bado unawaka hata nywele za kupandikizwa zinakufa.

SWALI: Mimi ni kinyozi Majengo, kuna mteja ana vipele vigumu kisogoni anasema mashine yangu ndo imemwambukiza.

JIBU: Mashine safisha kwa spiriti kila mteja, hilo halina mjadala. Ila hivyo vipele vigumu vya kisogoni mara nyingi si maambukizi ya saluni, vinatokea sana kwa wanaume weusi wanaonyoa chini kabisa, nywele fupi iliyojikunja inachoma ngozi, ngozi inavimba na baadaye inakuwa kovu gumu. Akienda mapema hospitali anapewa dawa ya kupaka na antibayotiki, akichelewa inakuwa donge. Asiviminye. Na wewe usimpige zero tena hapo nyuma hata akikulazimisha, mwachie namba mbili.