Studio Upanga au vyumba viwili Kimara? Jibu langu kwa mleta uzi

Mkuu, umesema kazi umepata Posta hapa Dar, huna gari wala familia, na hela uliyonayo inatosha ama studio Upanga ama vyumba viwili na sebule Kimara. Wengi hapo juu wanakusukuma Kimara kwa sababu ya nafasi. Mimi ni mpangaji wa Upanga Magharibi kwa miaka sasa, ofisi yangu iko Mtaa wa Samora, hukohuko Posta, na nakwambia chukua studio.

Kodi ukiitazama peke yake inadanganya. Kimara ongeza nauli ya mabasi ya mwendokasi kila siku, na ukichelewa kutoka kazini ongeza bodaboda ya kukuingiza ndani huko. Halafu kuna Jangwani. Masika Mto Msimbazi ukifurika, Barabara ya Morogoro inafungwa pale bondeni, mwendokasi inasimama, na watu wa Magomeni, Ubungo na Kimara wanaanza kutafuta pa kuzungukia. Upanga iko upande wa mjini wa lile bonde. Mimi nitaloa, lakini kazini nafika.

Kwa miguu toka kwangu ni kama nusu saa: nakatiza Upanga penye miti, navuka Bibi Titi, napita Kisutu, hao Samora. Asubuhi kivuli kipo karibu njia nzima mpaka Bibi Titi. Pale pa kuvukia ndipo pa kuwa macho, maana bodaboda wanakuja na upande usio wao. Jioni narudi kupitia soko la Kisutu, nabeba samaki na mchicha, nikifika napika. Friji yangu ni ndogo na sijawahi kuhitaji kubwa.

Sasa chumba chenyewe. Kuna studio za majengo mapya yenye lifti, hizo bei yake utaijua tu ukiulizia. Na kuna zile flati za zamani za ghorofa tatu nne, ambazo mwenye nyumba amechukua flati moja akaigawa ikawa studio mbili au tatu. Hizi ndizo za watu wa mshahara kama sisi, na ndizo za kukagua bila haya. Mara nyingi jiko limewekwa kwenye iliyokuwa varanda, na LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, imebaki moja kwa wote. Uliza hilo kabla hujauliza rangi ya ukuta. Jirani yangu wa mwanzo alikuwa anaoka keki za biashara kwa oveni ya umeme, mimi nina feni na taa, na mchango wa LUKU ni sawa kwa sawa. Keki zilikuwa tamu, sikatai, ila tulikoma kuelewana mpaka tulipofungiwa mita ndogo kila mtu na yake. Ukipata LUKU yako mwenyewe, jua pia kwamba tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo unaponunua umeme. Hilo ni deni la mwenye nyumba, kwa hiyo mkubaliane mapema namna atakavyokurudishia.

Usikubali kuonyeshwa chumba asubuhi tu. Rudi saa moja au saa mbili usiku, weka kiganja kwenye ukuta unaotazama magharibi. Kama bado una joto, hapo hutalala bila AC. Fungua bomba la bafuni na la jikoni kwa pamoja, uone maji yanavyotoka. Uliza simtanki la juu ni la nani na pampu inavuta umeme wa nani, kwa sababu maji ya DAWASA yana siku zake. Vyumba vya kule chini kuelekea bonde la Msimbazi vina mbu wa kutosha, angalia nyavu za madirishani.

Dalali atataka hela ya kukuzungusha, kisha kodi ya mwezi mmoja ukishachukua chumba. Ndiyo desturi, lakini ya mwezi usiitoe kabla hujakaa na mwenye nyumba mwenyewe na mkataba wa maandishi uko mezani. Ukishahamia, jitambulishe serikali ya mtaa. Kodi ya miezi sita ya mbele wanayodai wenye nyumba inajadilika. Chumba kikikaa kitupu muda, wengi wanashuka hadi mitatu, hasa wakiona una barua ya ajira.

Kitu kimoja tu kingenifanya nikuambie nenda Kimara: kama mwakani unapanga kununua gari. Flati hizi za zamani maegesho yake ni ya kugombania, na wenyeji wameshagawana zamani.