Kwenu ma-TA wapya (wakufunzi wasaidizi wa chuo kikuu), kabla hamjaanza kuchoka

Juzi nimemkuta TA wetu mpya, hata miezi sita hajafikisha, kalalia rundo la skripti za UE, mitihani ya mwisho wa muhula. "Kaka, kazi hii siipendi tena." Nikacheka, kisha nikanyamaza. Maneno hayo niliyasema mimi nikiwa na umri wake.

1. Msiitikie "sawa prof" kwa kila kitu. GPA ya 3.8 imewaleta kufundisha; ratiba za idara nzima si zenu peke yenu.

2. Pati-taimu. Hapa nitubu kabisa. Mwaka wangu wa tatu nilikuwa nafundisha vyuo vitatu, Jumamosi naruka kwenye daladala na flashi mfukoni, slaidi zilezile kila mahali. Nilikuwa na binti mmoja namsimamia utafiti. Akileta sura ya pili, naandika kwa wino mwekundu "boresha mtiririko", namrudishia. Mara nne. Ya tano nikaandika "sasa imekaa vizuri". Akafungua mkoba, akatoa nakala ya kwanza, akazilaza zote mbili mezani. Hata kosa la kichwa cha sura, "Mapitoi", lilikuwa palepale. "Mwalimu, sijagusa kitu tangu mwezi wa tatu." Alisema taratibu, kama anayeogopa kuniumiza. Heri angenitukana. Mwezi huohuo nilikuwa nazunguka korido nikilalamika kwamba wanafunzi wa siku hizi hawasomi! Nilimwomba radhi, tukakaa na sura ile saa mbili, na kusema kweli sikuwa nimefurahia kazi hivyo muda mrefu. Ilikuwa sura nzuri tu. Na chuo kimoja kati ya vile vitatu hakijanilipa mpaka leo.

3. PEPMIS, ule mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, jazeni kidogokidogo. Mkingoja siku ya mwisho mtagombana na mtandao.

4. Bila PhD mtaishia uhadhiri msaidizi, kwa hiyo ufadhili anzeni kuutafuta sasa.

5. Chai ya saa nne, nendeni. Najua mna kazi. Lakini pale ndipo mzee mmoja wa idara, mdomo umejaa chapati, alinifundisha kuligawa darasa la watu 400 kwenye makundi ya semina na kusahihisha swali mojamoja kwa skripti zote badala ya skripti nzima nzima. Nilikuwa nimeteseka miaka miwili.

Yule wa rundo nimemchukulia robo. Robo tu, zilizobaki zake, na chapati mbili nimeshamwambia namdai.