Leseni ya bunduki, jaketi la rafti

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mliuliza: "Kama kushuka Nile kwa rafti ni hatari, mbona hatuwekei mchezo huo sheria kali kama za bunduki?" Chini ya swali mkachapa maoni ya msomaji aliyesema kwamba mto hauui, mtu hujiua kwa ujasiri wake mwenyewe, na kwamba hata bunduki ni vivyo hivyo, chuma hakina nia. Hilo la chuma kutokuwa na nia ndilo lililonichoma.

Kuna jambo moja nalikubali. Bunduki imetengenezwa ili imdhuru mtu mwingine, na rafti, yaani boti ya mpira ya kushukia mkondo wa mto, imetengenezwa ielee. Mlinzi wa mlangoni mwa benki akikosea, risasi inampata mpita njia ambaye hakuhusika na lolote. Rafti ikipinduka mtoni, chini ya mji wa Jinja hapa Uganda, wanaotumbukia ni wale waliolipa, wakavaa helmeti na kutia sahihi. Kwa hiyo nilidhani mistari mitatu ingetosha: ni vitu viwili tofauti, acheni mto.

Lakini hebu tuiangalie sahihi hiyo. Mgeni anasaini kwamba anaijua hatari. Anaijua vipi? Nile hutoka Ziwa Viktoria kwa kupitia mabwawa ya umeme, Nalubaale na Kiira, kisha Bujagali, na maji yanayoachiwa hupanda na kushuka. Jiwe lililofunikwa asubuhi laweza kuchomoza alasiri. Mwendo wa maji ukiongezeka maradufu, msukumo wake unakuwa mara nne, na mita moja ya ujazo ya maji ni tani nzima. Jaketi la kuokolea maisha la kiwango cha newtoni 50 humwinua mtu kwa nguvu ya kama kilo tano tu, na kwenye povu jeupe lililojaa hewa humwinua kwa nguvu ndogo zaidi. Mgeni hayajui haya. Anayeyajua ni kiongozi wa rafti, na usalama wote uko mikononi mwake.

Kazi yake huanza nchi kavu. Mikanda ya jaketi hukazwa kuanzia ule wa kiunoni kwenda juu, kisha kiongozi hushika mabega ya jaketi na kulivuta juu kwa nguvu. Likifika masikioni, bado halijafungwa. Kasia lina kichwa chenye umbo la T, na mkono wa juu haukiachi kamwe, maana kasia lililoachiwa ndilo linalong'oa meno ya jirani. Ukianguka majini, lala chali, miguu ikitangulia, vidole vya miguu vionekane juu ya maji. Usisimame hata kama maji yanafika magotini tu: mguu ukinaswa kati ya mawe mawili, mto unakusukuma mgongoni mpaka uso unalala chini ya maji, na hapo jaketi halikusaidii kitu. Ukirushiwa kamba ya uokoaji, shika kamba yenyewe, si mfuko wake, uipitishe begani, na usijizungushie mkononi. Kiongozi akisema haya haraka haraka huku watu wanapiga picha, ameshakosea kabla rafti haijagusa maji.

Wanaotaka mchezo wote ufungwe wakumbuke Bujagali kabla bwawa halijayafunika maporomoko yake mwaka 2011. Vijana walikuwa wakishuka pale kwa ujira mdogo wa watalii, wameshikilia dumu la njano la lita 20. Dumu tupu lililofungwa vizuri huinua karibu kilo 19, zaidi ya mara tatu ya jaketi nililolitaja. Tatizo ni kwamba jaketi limefungwa kifuani, ilhali dumu linashikwa kwa mikono, na wimbi la kwanza kubwa laweza kulipokonya. Ukifunga kampuni zenye kayaki (mitumbwi midogo ya kasia) za uokoaji, mtalii mwenye fedha atamtafuta mwenye dumu. Karamoja, kaskazini-mashariki mwa nchi, tuliliona jambo la namna hii baada ya mwaka 2001, serikali ilipoanza kukusanya bunduki za wafugaji: waliotangulia kusalimisha bunduki walivamiwa na majirani waliobaki na zao, na ng'ombe wakaswagwa.

Sasa tarehe 24 Novemba 2018. Jioni ya Jumamosi hiyo boti ya starehe, MV Templar, ilizama Ziwa Viktoria karibu na ufuko wa Mutima, wilaya ya Mukono, na watu zaidi ya 30 wakafa. Hapakuwa na maporomoko wala miamba. Lilikuwa ziwa lile lile ambalo wavuvi hulala wakilivua, na watu walikwenda kusherehekea. Boti haikuwa na leseni, ilizidiwa na abiria, na wengi hawakuwa wamevaa majaketi. Chombo kilichojazwa watu hukaa chini sana majini, ukingo wake ukabaki karibu na mawimbi. Watu wakihamia upande mmoja, uzito unahama nao. Maji yakishaingia hayatulii katikati, hukimbilia upande ulioinama na kuuinamisha zaidi. Na jaketi lililoachwa chini ya kiti ni kama halipo: jaribu kutafuta mkanda na kifungo chake gizani, nguo zimelowa, mwenzako amekushika shingo. Wavuvi walikuja kuokoa watu, na kwa maelezo ya polisi, mtumbwi mmoja wa waokoaji nao ulipinduka kwa wingi wa watu walioudandia. Waliokuja kusaidia wakaingia hatarini kwa sababu ya hesabu mbaya iliyofanywa na mtu mwingine, mwaloni, kabla boti haijang'oa nanga.

Basi namuuliza yule msomaji: ni ziwa lililoua? Abiria aliyevaa nguo zake za sherehe angejuaje kwamba chombo hakina leseni? Nilipoanza barua hii niliandika kwamba chombo cha majini humdhuru aliyekipanda kwa hiari yake. Sasa naona si kweli. Hatari iko mkononi mwa mtu mwingine, sawasawa na bunduki, na abiria hauoni mkono huo.

Mwezi Juni mwaka huo huo wa 2018 mbunge Ibrahim Abiriga aliuawa kwa risasi, na Rais Museveni akataka bunduki zote zichukuliwe alama, ili risasi ifuatwe mpaka kwenye bunduki na bunduki mpaka kwa mtu. Kwa vyombo vya majini tulipata sheria mpya ya usafiri wa majini mwaka 2021. Wamarekani wanaopinga sheria za bunduki husema hata magari yanaua. Ni kweli, lakini gari lina namba, bima, na dereva aliyefanyiwa mtihani.

Kwa hiyo jibu langu limekuwa ndiyo, ingawa si kwa kila kitu. Mchezo usifungwe. Kiongozi wa rafti awe na leseni yenye jina lake mwenyewe, si ya kampuni tu, na aipate baada ya kupimwa mtoni, akiwa ameigeuza rafti iliyopinduka na kurusha kamba ikamfikia mtu anayeelea. Mwenye kayaki yake anayeshuka peke yake aachwe, huyo kweli amejichagulia, ila najua akikwama kuna atakayejitosa kumfuata, na hilo bado linanisumbua.

Na pale kwenye maporomoko ya Itanda, ambako rafti za watalii hubebwa nchi kavu kukwepa sehemu mbaya kabisa, desturi hiyo iandikwe iwe kanuni, isije ikalegezwa na mteja mwenye dola za kuongeza. Kiongozi akiyatazama maji asubuhi akasema leo hatushuki, arudishe watu nyumbani, na mwajiri asiwe na ruhusa ya kumkata ujira wa siku hiyo.

Msomaji wenu,
Jinja