Shangazi, umeuliza kwa nini sikuja kumzika Bibi

Asalaam aleikum Shangazi, na salamu kwa wote mlioko huko Bombo, Uganda.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza kwenye basi nikitoka zamu ya usiku, nikaurudia nilipofika nyumbani. Umeuliza mambo mawili mbele ya ukoo mzima, basi nami nayajibu mbele ya ukoo mzima. La kwanza, huku Uingereza kuna nini hasa hata mjukuu aliyelelewa na Bibi asije kumzika, atume pesa tu. La pili, kwa nini nakataa kiwanja cha Bibi kiuzwe ili kijana wako alipe wakala, naye aje huku kulea wazee kama nifanyavyo mimi.

Bibi alifariki alfajiri, akazikwa baada ya Adhuhuri. Ndivyo dini yetu inavyotaka, na ndivyo alivyopenda mwenyewe. Kutoka huku mpaka Entebbe ni safari ya usiku kucha, bado barabara ya Gulu hadi Bombo. Nisingewahi. Lakini sitaki kujificha nyuma ya ndege, Shangazi. Hata mazishi yangengoja wiki nzima, nisingeondoka hivi hivi. Sheria ya hapa haimpi mfanyakazi likizo ya malipo kwa kufiwa na bibi yake. Hilo ni la hiari ya mwajiri. Na viza yangu inanifunga kwa mwajiri mmoja. Akiniachisha, kwa kawaida napewa siku 60 nitafute mwingine mwenye kibali cha kuajiri wageni, nikikosa nirudi. Mtu anayeishi hivyo haombi ruhusa kwa sauti kubwa. Siku ile niliingia kazini saa moja asubuhi, macho yamevimba, nikavaa glavu, nikaanza.

Pesa nazo niziseme, kwa sababu najua mnazihesabu. Pauni moja ni zaidi ya shilingi 4,500 za kwetu. Kima cha chini cha mshahara kilipandishwa Aprili 2025 kikawa pauni 12.21 kwa saa. Mkizidisha mnaona utajiri, na nawaelewa kabisa. Ila chakula nanunua kwa pauni hizo hizo. Kinachozidi pauni 12,570 kwa mwaka kinakatwa kodi ya asilimia 20, juu yake bima ya taifa asilimia 8, kisha chumba, kisha moto wa kupasha nyumba wakati wa baridi, kisha nauli. Ninachowatumia si masalio. Nakitoa kwanza, halafu mimi naishi kwa kilichobaki.

Kazi yenyewe ni ya heshima, na siionei haya. Nazunguka nyumba kwa nyumba. Simu inarekodi dakika niliyoingia na dakika niliyotoka; nyumba nyingi nusu saa, nyingine robo. Yuko bibi mmoja wa miaka zaidi ya tisini. Namwosha uso kwanza, kwa maji ya vuguvugu, kwa sababu akianza kuoshwa miguu anashtuka. Nampaka mafuta kwenye goko, ngozi yake nyembamba kiasi kwamba nikikaza kidole inachanika. Namvalisha, namkalisha karibu na dirisha, namtengenezea chai. Ana watoto, wanampenda, wanaishi mbali. Siku nyingine mtu anayezungumza naye tangu asubuhi hadi jioni ni mimi tu. Hayo ndiyo yaliyonishinda kuzoea huku, kuliko baridi na kuliko zamu za usiku. Bibi yetu sikumbuki usiku aliolala chumbani peke yake. Kulikuwa na wajukuu wawili, watatu, na mgeni wa fulani aliyekosa pa kulala.

Na tangu msibani naona kila mtu anaandika alivyokuwa mpole. Alikuwa mpole, kweli. Lakini maisha yake hayakuwa mepesi, na vijana wengi humu hawayajui.

Baba yake alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Alipokwenda vitani Burma, Bibi alikuwa bado mtoto, tayari anabeba wadogo zake. Akaolewa Bombo, akazaa Bombo. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, Idi Amin akapinduliwa, Mnubi, yaani mtu wa kabila letu, hakuulizwa alifanya nini chini ya utawala wake. Ilitosha kuwa Mnubi. Bibi alitoka na watoto watano na wewe mgongoni, Shangazi. Wakavuka Nile pale Pakwach, Arua, Koboko, mpaka wakaingia Sudan kwa upande wa Kaya. Mali aliyobeba ilikuwa sufuria moja na shazia yake, sindano nene ya kusukia.

Shazia hiyo ndiyo iliyotulisha. Nimemtazama mara nyingi sana akisuka tabaka, yale mafuniko ya chakula ya Kinubi. Anakaa mkekani, gurbaba, nguo yake ya kujifunga, ameikunja magotini, ukindu wa rangi ameulowesha kwenye bakuli. Anaanza na mzunguko mdogo kama kifungo cha shati, anaupapasa kwa dole gumba, akihisi umelegea anaufumua wote bila kunung'unika. Hakuwa na mchoro wowote. Nyekundu, kijani na njano alizihesabu kichwani huku anatusikiliza Kurani. Aliuza tabaka sokoni Yei. Aliporudi Bombo mwisho wa miaka ya 1980 na kukuta nyumba haina paa, akauza tabaka tena. Karo zetu zilitoka humo. Na hicho kiwanja, Shangazi, alikinunua kidogo kidogo kwa pesa hizo, si urithi wa mume.

Sasa kuna neno ambalo sijawahi kuwaambia. Alipokuwa Sudan, mama yake mzazi alibaki Bombo kwa sababu hakuiweza safari ile. Akafia hapo. Habari zilimfikia Bibi baada ya miezi, wameshamzika, na hata kaburi alikuja kuonyeshwa aliporudi. Usiku wa kuamkia safari yangu alinisimulia hayo, tumekaa nje jikoni. Akasema, "Ukisikia nimekufa, nisomee Fatiha hapo hapo ulipo. Usikope nauli. Mimi mama yangu sikumzika, na Mungu anajua nilimpenda." Nilimwomba asiseme maneno hayo. Akanijibu kwamba anayeyajua ndiye anayeyasema.

Niliyashika. Siku ile nilisoma Fatiha kwenye ngazi za nyumba ya mtu, kabla sijagonga mlango. Kuumia niliumia, na bado naumia, hasa Jumapili, saa niliyokuwa nampigia. Mnakumbuka alivyokuwa: ukimpigia ya video anaweka simu sikioni, unaona sikio na hereni tu, na ukimwambia aishushe anasema hasikii vizuri ikiwa mbali.

Kuhusu kijana. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imefunga mlango wa kuleta walezi wapya wa wazee kutoka nje. Na tangu Machi 2024, hata mlezi aliyeingia kwa viza mpya haruhusiwi kuleta mke, mume wala watoto. Wakala anayemwambia leo kwamba nafasi ya kulea wazee ipo, alete tu pesa, anamuuzia kitu ambacho hakipo. Nimewaona huku watu waliouza ardhi ya wazazi wakalipa, wakafika wakakuta kazi yenyewe hewa. Hao walifika wakati mlango uko wazi. Yeye hata kufika hatafika.

Kwa hiyo karatasi ya mauzo isipelekwe kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa. Mimi sitii sahihi, na nakuomba kwa heshima yote, Shangazi, wewe uliyebebwa mgongoni mpaka Kaya, usitie yako. Kijana aliniambia mwaka jana anapenda ufundi wa umeme. Atafute chuo, aniletee barua ya kukubaliwa na namba ya akaunti ya chuo. Ada nitailipa huko moja kwa moja, muhula kwa muhula, mpaka amalize. Anipigie Jumapili baada ya Isha yenu. Saa hiyo sasa iko wazi.